Bomba la Maji la Murambi

Mwaka 2018 nilikuwa nahariri riwaya ya rafiki yangu kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda. Kazi ilikwenda vizuri hadi sura ya saba. Humo Watutsi waliokimbia makwao wamejazana kwenye shule ya ufundi ya Murambi, karibu na mji wa Gikongoro, wakilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Askari wanafunga virago na kuondoka. Usiku huohuo kundi la walevi linavamia na mapanga, na kwa kurasa kumi na mbili mwandishi anatuonyesha jinsi mtu mmoja mmoja anavyokufa. Kurasa zenyewe zilikuwa zimeandikwa kwa ustadi mkubwa. Nilizisoma bila kuinua kichwa, na nilipofika mwisho nilikuwa na hasira.

Murambi haikuwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Aliyoyaandika yalitokea kwenye shule nyingine ya ufundi, ile ya Kicukiro jijini Kigali. Huko askari wa Ubelgiji waliokuwa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa waliondoka tarehe 11 Aprili 1994 na kuwaacha watu wapatao 2,000 mikononi mwa wauaji waliokuwa wakiwangojea nje. Ya Murambi yalitokea tarehe 21 Aprili, na yalikuwa na wenyewe. Nilimpigia simu nikamweleza.

"Sasa dada, kuna tofauti gani?" akaniuliza. "Shule ni shule, na waliouawa ni walewale."

Hawakuwa walewale. Watu wa Kicukiro waliachwa na waliotumwa kuwalinda. Watu wa Murambi waliambiwa na viongozi wa eneo lao wenyewe kwamba waende shuleni, huko ndiko kwenye usalama, na wengi wakaenda kwa miguu yao, na watoto na magodoro kichwani. Ukiwachanganya hawa na wale, unawabebesha Wabelgiji mzigo usio wao, na viongozi wa Gikongoro wanatoka na mikono safi katika riwaya nzima. Kwa rafiki yangu lilikuwa jambo la kurahisisha hadithi. Kwangu lilikuwa sawa na kumfungulia mtu mlango wa gereza.

Lakini kilichonikera zaidi ni lile kundi la walevi. Nilikuwa nimesoma hukumu ya mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Arusha, iliyosikiliza kesi za mauaji ya Rwanda, katika kesi ya Aloys Simba, luteni kanali mstaafu aliyehukumiwa kifungo cha miaka 25 tarehe 13 Desemba 2005. Humo shambulio la Murambi linaanza mnamo saa tisa usiku. Saa moja asubuhi Simba anafika na silaha zinagawiwa. Siku hiyohiyo zinashambuliwa pia parokia za Cyanika na Kaduha. Haya si mambo ya watu waliopandwa na pombe. Kuna aliyepanga saa, kuna aliyetafuta bunduki, kuna aliyejua barabara ipi ishikwe kwanza. Mwandishi anayeyageuza yote hayo kuwa wazimu wa usiku mmoja anasema uongo, hata kama kila tone la damu alilolieleza lilimwagika kweli.

Rafiki yangu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema hagusi sura ile kabla hajapaona mahali penyewe. Nikamwambia twende pamoja.

Kutoka Kigali njia inapita Muhanga, Nyanza na Huye, halafu inakata magharibi kwenda Nyamagabe, wilaya ambayo sasa ndiyo yenye mji ule wa Gikongoro. Tulipopita Nyanza aliniambia, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba hakuja kwa ajili ya tarehe. Alikuja kuiona miili. Kwenye makumbusho mengi ya mauaji yale unakuta mafuvu na mifupa, lakini Murambi baadhi ya waliofukuliwa makaburini walihifadhiwa kwa chokaa, wakabaki na maumbo yao. "Tangu nikiwa mdogo," akasema, "pakitokea ajali mimi ni wa kwanza kufika. Sijui nina nini."

Aliona haya. Mimi sikuona sababu ya yeye kuona haya, na nilimwambia hivyo. Hakuna mtu asiyetaka kujua mauti yanafananaje. Mwaka 1994, maiti zilipokuwa zikielea Mto Kagera hadi Ziwa Victoria, watu wazima walizungumza habari hiyo kutwa kucha: zilivyovimba, zilivyofungwa mikono, na kama samaki wa ziwani bado wanalika. Niliwasikia kwa masikio yangu. Sikumsikia hata mmoja akiuliza watu wale walikuwa wametoka tarafa gani, au nani aliwafikisha mtoni. Hamu ya kujua ilikuwapo tele, ila ilifika kwenye maiti ikakaa. Hapo ndipo mimi na hamu hiyo tunapogombana. Kuitazama maiti si tatizo. Tatizo ni kuridhika.

Shule iko juu ya kilima, na vilima virefu zaidi vimeizunguka pande zote. Ukisimama uwanjani unaelewa mara moja, bila kuelezwa na mtu, kwa nini wauaji walipapenda: aliye juu kule ng'ambo anamwona kila anayetoka. Mwongozaji wetu alikuwa binti aliyezaliwa baada ya mauaji, mwenye Kiswahili cha polepole na shada la funguo mkononi. Kwanza alitupitisha kwenye maonyesho ya ndani, vitambulisho vyenye kabila la mtu na historia ya RTLM, redio iliyochochea mauaji, kisha akatupeleka nyuma kwenye madarasa. Alituambia kupiga picha humo hairuhusiwi. Akafungua mlango wa kwanza.

Miili ililazwa juu ya vichanja vya mbao, myeupe kwa chokaa, imesinyaa hata ya watu wazima ikaonekana kama ya watoto. Nywele bado zilikuwapo vichwani, mashungi madogo madogo. Harufu ilikuwa ya chokaa na ya kitu kingine ambacho pua inakikataa kabla hujakipa jina. Mkono wa mtu mmoja ulikuwa umeinuliwa mbele ya uso, vidole vimetanuka. Nilisimama mbele ya mkono ule kwa muda mrefu. Kurasa kumi na mbili zilizokuwa mkobani mwangu hazikuwa na mkono kama huo. Zilikuwa na panga linaloshuka, zilikuwa na kilio, lakini hazikuwa na mtu anayejaribu kufanya kitu.

Kwenye chumba cha watoto rafiki yangu alibaki nyuma. Alianza kuuliza. Huyu alipigwa na nini? Na huyu? Mwongozaji alimjibu kila swali, bila kupandisha sauti: panga, rungu lenye misumari, risasi. Alikuwa amezoea maswali hayo, ilionekana. Rafiki yangu akawa anaandika kwenye daftari lake kwa kasi ya mtu anayeogopa kusahau, na nilipomtazama niliona kwamba anaikusanya sura ileile upya, sasa ikiwa na majeraha sahihi zaidi.

Tulipotoka nje mwongozaji alituelekeza kivulini akaanza kusimulia siku zilizotangulia. Wengi wa waliokuwa pale waliishi siku kadhaa bila chakula cha maana. Walipovamiwa mara ya kwanza walijihami kwa mawe, wakawarudisha wavamizi nyuma. "Lakini, kaka," akamwambia rafiki yangu, "kabla ya kuwaua waliwakatia maji. Bomba lilikatwa. Mtu asiyekunywa hawezi kurusha jiwe mbali."

Rafiki yangu aliacha kuandika. Nilijua anafikiria nini kwa sababu nami nilikuwa nafikiria hilohilo. Katika sura ya saba, jioni ya mwisho, kuna mama anamwogesha mwanawe kwenye beseni, anamsugua magoti, anamwimbia. Ni kipande kizuri kuliko vyote alivyowahi kuniletea. Na hakikuwezekana. Kilimani pale, jioni ile, hapakuwa na maji ya kumpa mtoto anywe, sembuse ya kumwogesha.

"Nani aliyakata?" akauliza.

Lilikuwa swali lake la kwanza siku ile kuhusu mtu aliye hai. Mwongozaji akaanza kumweleza juu ya mikutano ya viongozi, vizuizi vya barabarani, na ofisi zilizotoa amri. Kijana wa watu akafungua ukurasa mpya.

Kabla ya kuondoka tulipita mahali penye kibao kinachoeleza kwamba hapo askari wa Ufaransa walikuwa wakicheza mpira wa wavu. Walifika na Operesheni Turquoise, operesheni ya jeshi la Ufaransa iliyoanza mwishoni mwa Juni 1994, wakaweka kambi kwenye shule ileile, jirani na mashimo yaliyofukiwa watu miezi miwili kabla.

Njiani kurudi ndipo tulipobishana kwelikweli. Ameshawatoa Wabelgiji, akasema, basi sasa awaweke Wafaransa palepale usiku wa tarehe 21. Wapo, kibao kipo, msomaji atashtuka zaidi. Nikamwambia hapana. Usiku ule hawakuwapo. Wapo watu wanaofanya kazi ya kukanusha kwamba mauaji ya kimbari yalitokea, na watu hao husoma riwaya kwa makini kuliko wapenzi wa riwaya. Wakiukuta usiku mmoja wa uongo wataushika, na kupitia huo watadai na bomba ni uongo, na mkono ule mbele ya uso ni uongo. Isitoshe, ukweli wenyewe ulikuwa na uzito wake: jeshi linafika baada ya miezi miwili na kupiga kambi juu ya waliouawa. Kwa nini uuhamishe?

Akaniuliza, sasa mwandishi wa riwaya anabaki na nini? Alikuwa na haki ya kuuliza. Nikamwambia anabaki na mama. Jina lake, ugomvi wake na wifi yake, alichokiota, alichomdanganya mwanawe kuhusu baba, yote hayo ni mali ya mwandishi na hakuna hukumu ya mahakama itakayompinga. Lakini saa, amri, silaha, idadi na majina ya walioamuru si mali yake. Alikuwa ameandika kwamba waliuawa laki moja. Makumbusho ya Murambi yanataja watu karibu 50,000. Mahakama, ambayo huandika kile tu kilichothibitishwa mbele yake, ilisema maelfu. Nilimtaka achague mojawapo na aseme ameitoa wapi, kupitia mdomo wa mhusika yeyote anayemtaka.

Hakukubali yote. Tulipofika Muhanga alikuwa bado anasema kwamba namfunga mikono, na kwamba hofu ya wakanushaji isije ikageuka kuwa mhariri wa pili. Hoja hiyo ya mwisho bado naiheshimu.

Sura ya saba ilirudi kwangu baada ya miezi mingi. Walevi walikuwa wametoweka. Kurasa kumi na mbili za kufa zilikuwa zimebaki tatu, na nafasi iliyobaki ilichukuliwa na maji: nani aliona bomba limekauka, nani alisema ni hitilafu tu litarudi, nani alielewa mapema akanyamaza ili asiwatie watoto hofu. Mama bado yupo. Anamfuta mwanawe magoti kwa kanga kavu. Mkono mbele ya uso aliuandika pia, kwa sentensi mbili, na hapo sikugusa hata nukta. Mwanzoni mwa kitabu aliweka ukurasa mmoja unaoeleza ni watu gani amewabuni na ni matukio gani hakuyabuni.

Julai 2022 mahakama ya Paris ilimhukumu Laurent Bucyibaruta, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Gikongoro mwaka 1994, kifungo cha miaka 20 kwa kushiriki kuwezesha mauaji ya kimbari. Rafiki yangu alinipigia siku hiyohiyo. Katika riwaya mkuu wa mkoa hana jina, na alitaka kumpa jina hilo katika toleo la pili. Nikamwambia asubiri, mtu huyo amekata rufaa. Mwaka uliofuata mzee yule akafariki kabla rufaa haijasikilizwa, na simu ikalia tena. Tukakaa tukipima maneno ya ukurasa ule wa mwanzo: kwamba alihukumiwa, kwamba alikata rufaa, kwamba alifariki kabla ya rufaa. Yeye alitaka sehemu ya kwanza peke yake. Mimi nilizitaka zote tatu, na ndivyo zilivyopelekwa kwa mchapishaji.