Siku moja ya fundi AC: "Weka gesi tu"

Saa 1 asubuhi nakagua mita yangu ya kupimia umeme kabla ya kugusa kitu kingine. Naijaribu kwenye soketi ninayojua ina umeme, maana mita inayodanganya inaua. Saa 2 nimebadilisha kontakta, swichi inayowasha na kuzima mashine ya nje, iliyojaa sisimizi. Saa 4 nimekaza waya wa mawasiliano kati ya mashine ya ndani na ya nje. Hizo zilikuwa nyepesi.

Saa 5 ndipo siku ilipoanza. "Fundi, weka gesi tu, imeisha." Nikamweleza mama mwenye nyumba kwamba gesi ya AC haichomwi kama petroli, inazunguka humo humo, na ikipungua basi kuna mahali inavuja. Hakutaka kusikia. Huko nje juani, kompresa, ile pampu inayozungusha gesi, ilikuwa inanguruma sekunde chache, inakata, inatulia, inajaribu tena.

Nikazima umeme, nikamaliza chaji iliyobaki kwenye kapasita, kifaa kinachoisaidia kompresa kuwaka, nikaipima: imeandikwa maikrofaradi 35, inasoma 34.6. Nzima. Koili za kompresa nzima. Nikarudisha umeme, nikapima kabla kompresa haijawaka: volti 230. Hapa ndipo wengi husema kompresa imekufa, mwenye nyumba anunue mpya. "Mbona unapima tu, kazi hufanyi?" Mama, kupima ndiyo kazi yenyewe.

Nikaiacha mita kwenye nyaya, nikasubiri ijaribu kuwaka. 230 ikaporomoka hadi 160! Kompresa ikianza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake, na kiungo kilicholegea, ambacho mita haikigundui kompresa ikiwa imetulia, hapo ndipo hushindwa. Nikahamia kwenye breka, umeme unakotokea, jaribio lile lile: 226. Basi umeme ulikuwa unapotea njiani. Nikafungua swichi ya ukutani kando ya mashine: skrubu imelegea, plastiki imeyeyuka, waya mweusi tii. Kompresa mpya ingefungwa hapo na ingekataa vilevile, kama nyumba isingeshika moto kwanza.

Nikakata waya hadi kwenye shaba safi, nikafunga swichi mpya, ikawaka mara moja. "Kumbe swichi tu? Sasa mbona bei hiyo?" Tulibishana muda mrefu kuliko niliotumia kuifunga. Alilipa.

Mchana sikumbuki vizuri ulikwendaje. Ngazi, jua, ngazi. Kazi ya mwisho ilikuwa mashine ya invata, AC inayobadilisha kasi ya kompresa, na bodi yake ya umeme hubaki na zaidi ya volti 300 kwa dakika kadhaa hata ukishazima. Mikono ilikuwa imechoka, sikuifungua. Mwenyewe alinuna. Nitakwenda kesho asubuhi.