Mwanamke Niliyemwangusha Kamukunji

Mwaka 1999 nilikuwa na miaka 19, nimemaliza kidato cha nne na sina kazi. Kanisa likanipa moja isiyo na mshahara: kudaka watu.

Kulikuwa na krusedi ya siku tano katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, ng'ambo tu ya soko la Gikomba. Jenereta ilinguruma nyuma ya jukwaa, na spika zilikuwa kubwa hata watu wa mtaa wa Shauri Moyo waliokolewa wakiwa vitandani, apende asipende. Kazi ya mdakaji ni hii: unasimama nyuma ya anayeombewa, mguu mmoja mbele, viganja karibu na mgongo bila kuugusa. Mhubiri akimwekea mkono kwenye paji la uso na mtu akaenda chini, unampokea, unamlaza, halafu dada mmoja anamfunika miguu kwa leso. Siku ya kwanza nilidaka mpaka mabega yakakataa kuinuka. Wengine waliporomoka kama gunia la mkaa. Hao niliwaamini, uzito haudanganyi. Wengine walichungulia kwanza nyuma kama nipo, ndipo wakajishusha kwa adabu.

Nyumbani ubishi ulikuwa moto. Mjomba, fundi cherehani, alisema ni biashara kama biashara nyingine. "Pita bustani ya Jeevanjee saa saba mchana," alisema, "utaokolewa mara tatu kabla hujamaliza ndizi yako, na kila mara kapu litapita." Mama alimwambia asimkufuru Roho. Mimi nilikaa kimya, maana nilikuwa nimeshaona bahasha za sadaka zikibebwa kwa magunia.

Nyanya ndiye aliyenitatiza. Yeye alikuwa wa Uamsho, ule mwamko wa Kikristo ulioanzia Gahini, Rwanda, ukaingia Kenya mwaka 1937. Aliokoka kwenye mkutano mkubwa wa Kabete wa 1949, akiwa msichana. Ndugu wa wakati huo waliungama dhambi mbele ya wenzao, tena kwa kuzitaja, na aliyeiba jembe au blanketi kwa mzungu alilibeba akalirudisha, akijua anaweza kufungwa. Wakati wa Hali ya Hatari wengi wao walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wapo waliouawa kwa sababu hiyo. Basi Nyanya hakuniuliza wameanguka wangapi. Aliuliza, "Wamerudisha nini?" Nikamwambia krusedi bado inaendelea. Akacheka, akarudi kwa uji wake.

Siku ya tatu, jioni, nilimwona Mama Maharagwe kwenye mstari. Kila Jumamosi mama yangu alinunua kwake pale Gikomba, gorogoro moja, ule mkebe wa bati wa kupimia, na kila mara alinung'unika akifika nyumbani kwamba sufuria haijai. Alikuwa mnene, amevaa sweta ya kijani, macho amefumba, mikono juu. Mhubiri akamwekea mkono. Hakuanguka. Akasukuma. Hakuanguka. Akaomba kwa sauti, jasho linamtiririka, na umati ukaanza kunyamaza, kule kunyamaza kubaya. Msimamizi wetu akanisogelea sikioni: "Msaidie Roho."

Nilishika sweta kwa vidole viwili, katikati ya mabega, nikavuta. Mtu aliyesimama tangu saa nane, kichwa amekiinua juu na macho amefumba, hahitaji zaidi ya hapo. Akaja mzima mzima juu yangu, uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Nilimlaza, nikajifanya ninasali.

Usiku ule sikula. Sikumwambia mtu, hata Nyanya, na hasa Nyanya.

Wiki tatu hivi baadaye mama alinituma maharagwe. Nilitaka kwenda kwa muuzaji mwingine, lakini nikaitwa kwa jina. Mama Maharagwe alikuwa amekaa kwenye kigoda, gorogoro mapajani. Mnazijua zile gorogoro za soko: kitako kimebonyezwa kikaingia ndani, ukitazama juu imejaa, kumbe nusu ya chini ni hewa. Yake ilikuwa imegongwa kwa nyundo kutoka ndani. Kitako kilikuwa kimetuna kama kitambi, bati limechubuka, na gorogoro haikuweza tena kusimama wima chini. Ndiyo maana aliipakata.

Alinipimia, akamwaga kwenye mfuko, kisha akaongeza viganja vinne. "Hizo ni za miaka," alisema. "Mwambie mama yako nyingine nitamalizia polepole." Jirani yake wa ndengu akasonya. Kwa mtindo huo, alisema, atafunga kibanda kabla ya Pasaka.

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikachuchumaa, nikamwambia kwa sauti ya chini: "Mama, ile siku hukuanguka. Mimi ndiye niliyekuvuta."

Akanitazama kwa muda, mkono ukiwa bado ndani ya gunia.

"Kwani unafikiri mgongo wangu hauna akili, kijana? Nilikusikia. Ulinivutia kifungo, kikakatika."

"Sasa mbona…"

"Ningeanza kugombana na wewe pale mbele ya watu? Mimi nilikuwa ninafikiria hii gorogoro tangu Jumatatu." Akafunga mfuko, akanisukumia. "Kifungo utanilipa. Shilingi tano."

Nilikuwa na nne. Akazichukua, akasema moja nimdai mjomba.

Nyanya aliupima mfuko kwa mkono nilipofika. Akaupima tena. Kisha akaniuliza nimenunua wapi.