Arusha 2000: wenye bunduki walikuwa nje

Mazungumzo ya amani ya Burundi yaliketi Arusha, msuluhishi akiwa Mwalimu Nyerere, kisha Mandela baada ya Mwalimu kufariki Oktoba 1999. Kazi iligawanywa kwa kamati tano, hivyo waliokwama kwenye chanzo cha mgogoro hawakuwazuia waliojadili usalama.

Kipengele ninachokiheshimu sana ni cha jeshi: hakuna kabila litakalozidi asilimia 50 ya askari. Hicho unakikagua ukiwa na orodha ya askari mkononi.

Lakini mkataba wa Agosti 28, 2000 ulisainiwa bila usitishaji mapigano, maana makundi ya waasi ya CNDD-FDD na FNL, waliokuwa msituni, hawakuwa mezani. Watu wakaendelea kufa. CNDD-FDD walisaini usitishaji mapigano Novemba 2003, FNL Septemba 2006.