Podikasti ya mkonge: kumbukumbu za wiki sita katika chumba cha mitambo

Wiki ya kwanza

Nimepokelewa kwa mafunzo ya vitendo ya miezi mitatu katika kituo kidogo cha redio hapa Tanga, na baada ya siku mbili za kukunja nyaya na kunakili orodha ya matangazo, mkuu wa vipindi amenikabidhi kazi ya peke yangu: podikasti isiyozidi dakika 20 kuhusu watu waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge. Vipindi vyetu vingi hurushwa moja kwa moja, na mtangazaji akiteleza huomba radhi akaendelea. Podikasti haina msamaha huo, kwa kuwa msikilizaji aweza kurudi nyuma na kulisikia kosa lile lile mara kumi.

Mwalimu wangu ni fundi mitambo wa kituo. Nilitazamia kwamba angeanza na kompyuta, lakini alinivika hedifoni, akafungua maikrofoni katika chumba kitupu na kuniagiza niandike kila ninachokisikia kwa dakika kumi. Niliandika pangaboi, jokofu la ukumbini, bodaboda, kunguru juu ya mabati, na chini ya vyote mngurumo mzito usiokatika, ambao alinieleza kuwa ni umeme wa hertzi 50 ulioingia kwa sababu waya wa maikrofoni ulilazwa sambamba na waya wa umeme. Tangu siku hiyo siwezi kula mgahawani bila kulisikia jokofu.

Wiki ya pili

Nimerekodi mahojiano ya kwanza, na yameharibika. Mzee niliyemfuata upande wa Muheza aliletwa mkongeni akiwa kijana, miongoni mwa wale vibarua wa mkataba walioitwa manamba, na alinipokea barazani kwa sauti ya upole. Nilipima kiwango cha rekoda kwa sauti ile ya salamu, nikaridhika. Dakika ya sita alisimulia kisa cha mnyapara aliyekimbizwa na nyuki, akacheka kicheko cha mtu mwenye mapafu yaliyozoea kuushinda mlio wa korona, yaani mashine ya kuchuna majani ya mkonge. Niliporudi studio nilikuta vilele vyote vya mawimbi ya sauti vimekatwa bapa kama ua lililopitiwa na mkasi. Sauti ikigonga sifuri ya desibeli, ambayo ndiyo dari ya rekoda ya kidijiti ya kawaida, kilichozidi hakihifadhiwi popote, na hakuna programu inayoweza kukirudisha kilivyokuwa.

Fundi alinielekeza niweke kiwango ambacho maneno ya kawaida hufika karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, ili nafasi iliyobaki iwe ya vicheko na hasira. Alinikataza pia kumwambia mgeni ahesabu moja, mbili, tatu, kwani hakuna anayehesabu kwa sauti anayosimulia nayo. Ni afadhali kumuuliza nani katika ukoo wao anaongea kuliko wote. Maikrofoni nayo ikae umbali wa shubiri moja, pembeni kidogo ya mdomo, ili pumzi ya herufi p na b isiipige usoni.

Nilirudi Muheza kwa aibu. “Shikamoo, babu,” nilisema, nikaeleza kwamba ningeomba tuanze upya. “Marahaba, mwanangu. Kwani ya juzi yameoza?” Alisimulia yote tena kwa subira, na safari hii viwango vilikuwa sawa, ila kicheko cha nyuki hakikurudi. Kabla ya kuaga nilirekodi dakika moja ya ukimya wa baraza lake. Mzee alikaa kimya kwa heshima kama aliye msibani, kuku hawakufanya hivyo.

Wiki ya tatu

Nina dakika 47 za sauti. Kwa ubora wa hertzi 48,000 na biti 24, njia moja (mono), kila dakika inachukua takriban megabaiti 8.6, kwa hiyo kazi ya kwanza ilikuwa kuhifadhi nakala mbili mahali tofauti kabla ya kugusa chochote. Kisha niliandika mahojiano yote kwa mkono, neno kwa neno, pamoja na kila “yaani” na kila kikohozi. Kazi hiyo ilinimalizia siku tatu na kalamu moja.

Ukataji wenyewe ninaufanya kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti ambayo ni ya bure na haielemei kompyuta mpakato ya kituo. Video za mafunzo nilizotazama huagiza mtu akate katika mwanya ulio kati ya neno na neno, lakini katika Kiswahili mwanya huo mara nyingi haupo. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, na linalofuata likianza kwa irabu pia, kama katika “nilikwenda ofisini”, a na o huyeyukiana mpaka jicho halioni mpaka wowote katika mawimbi. Nimegundua kwamba mahali salama ni kabla ya t, k, p au ch, kwa sababu pumzi huzibwa kabisa mdomoni kwa kitambo kidogo kabla ya kuzitoa, na kitambo hicho huonekana katika mchoro kama uzi mwembamba. Kwa mb na nd mambo ni tofauti, kwani mvumo wa puani hutangulia, na anayekata kwa pupa humwachia msikilizaji “dege” mahali pa “ndege” au “begu” mahali pa “mbegu”. Mzee alipojikwaa na kusema “tuli, tulikuwa”, nilikata kutoka t ya kwanza hadi t ya pili, na kiungo hakikusikika. Nilijisikia fundi kweli kweli.

Wiki ya nne

Kujisikia fundi kulidumu siku nne. Katika mahojiano nilimuuliza mzee kama walikuwa wakipigwa shambani. Alijibu, “Hatukupigwa,” akanyamaza kwa sekunde nne hivi, kisha akasema kwa sauti ya chini, “sana.” Baada ya hapo aliendelea: “Mnyapara alijua akikupiga utalala, na ukilala kipande chako hakijai.” Kipande ndiyo kadi iliyohesabu siku 30 za kazi, na pasipo kujaa hapakuwa na mshahara kamili.

Nilipokuwa nikiondoa vimya virefu niliichagua ile nafasi pamoja na jogoo aliyewika ndani yake, na “sana” ile, ambayo katika mchoro ilikuwa kikunjo kidogo tu, ikaenda na jogoo. Kilichobaki kilitiririka vizuri: “Hatukupigwa. Mnyapara alijua akikupiga utalala.” Mtu mzima alikuwa ametoa ushahidi kuhusu ujana wake, nami nikaugeuza kinyume kwa kidole kimoja, kisha nikaupa alama ya kijani kuonyesha kwamba umekamilika.

Fundi aliligundua kosa kwa sababu alisikiliza akiwa na karatasi zangu za mkono mbele yake. Hakunikemea, aliniomba niusome ule mstari kwa sauti, mara mbili. Nilirudisha neno, na nikarudisha ukimya pia, kwa kuwa bila ukimya “sana” ilisikika kama mzaha. Mkuu wa vipindi hakupendezwa, maana redioni sekunde nne za kimya humfanya msikilizaji atikise redio yake. Tulikubaliana sekunde tatu, chini yake ikipita ile sauti ya baraza niliyoirekodi wiki ya pili. Nimeanza kutoziona “yaani” zake kama takataka, nazo nimeziacha karibu nusu.

Wiki ya tano

Utangulizi wangu wa awali ulikuwa wa dakika nne, ukimhusu Richard Hindorf, Mjerumani aliyeleta miche ya mkonge mwaka 1893, ambayo 62 tu ilipona safari. Umebaki sentensi moja. Nilijaribu pia kuufuta mvumo wa upepo kwa kichujio cha kelele, nikakizidisha, na mzee akasikika kama anayezungumzia ndani ya mtungi wa maji; nimekipunguza na kukata tu masafa yaliyo chini ya hertzi 80.

Wiki ya sita

Faili la mwisho lina dakika 18. Nimelisawazisha kwenye LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia) 19 chini ya sifuri, kiwango kinachotumika sana kwa podikasti za njia moja, na kulitoa kama MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde. Uzito wake ni megabaiti 8.6, sawa na dakika moja tu ya sauti ghafi, jambo ambalo msikilizaji anayenunua bando la siku atalishukuru bila kujua.

Jumamosi nilimpelekea mzee katika simu, akasikiliza akiwa ameishikilia sikioni kama anayepigiwa. Ilipofika “sana” alitikisa kichwa na kusema, “Hapo nilimkumbuka mtu.” Hakumtaja, nami sikuwa na rekoda. Alhamisi narudi nayo.