Klivia na kipupwe cha Lushoto

Kila anayeniambia klivia yake, lile ua la chunguni la rangi ya chungwa, ni majani matupu bila ua, humuuliza kwanza: Juni hadi Agosti unaiweka wapi, na unaimwagiliaje? Mara nyingi jibu ni lilelile. Iko sebuleni pembeni ya kochi, inapata maji kila baada ya siku mbili pamoja na maua mengine. Basi usihangaike na mbolea. Mmea huo haujapata baridi.

Kwao klivia ni mashariki mwa Afrika Kusini na Eswatini, kwenye misitu ya KwaZulu-Natal na Eastern Cape, chini ya miti mikubwa, mizizi ikiwa imeshikilia majani yaliyooza. Pande nyingi za huko mvua ni ya miezi ya joto, na katikati ya mwaka huja baridi na ukavu. Mmea umelelewa hivyo. Unahitaji wiki sita hadi nane za nyuzi 10 hadi 13 hivi, na maji ya kuonja tu, ndipo uchanue vizuri. Sisi wa Lushoto kipupwe chetu kinaangukia miezi hiyohiyo, na kwa klivia hiyo ni neema kubwa.

Zangu baadhi ziko barazani, nyingine chini ya mparachichi. Kivuli ni lazima. Jua la saa moja asubuhi halina neno, lakini la saa sita linaunguza jani, na jani la klivia hudumu miaka, kwa hiyo baka utalitazama mpaka ulichoke. Chungu nachagua kinachobana. Mizizi yake ni minene na inaweka akiba ya maji. Ukiipa chungu kipana chenye udongo mzito, inaoza kabla hujajua kuna tatizo. Mimi huchanganya mboji, kokoto ndogo na vipande vya maganda ya misindano ninayookota wanakopasulia mbao. Ukimwagilia, maji yatoke chini papo hapo. Chungu nabadilisha pale tu mizizi inapoanza kuusukuma mmea juu.

Juni ikiingia naacha mbolea kabisa na maji napunguza mpaka yawe kidogo sana, basi tu majani yasilegee. Kazi ngumu inakuja shina la ua linapochungulia katikati ya majani, kwa sababu mkono unawasha kuchukua kopo la maji. Nasubiri lifike urefu wa kiganja. Ukikimbilia kumwagilia mapema, maua hufunguka yakiwa yamebanwa huko chini, na inauma kuona rangi ile ya chungwa yenye koo la njano imefichwa na majani.

Dada yangu anaishi Tanga mjini, na joto la pwani unalijua. Nilimpa chipukizi, likanawiri, majani mapana yanayong'aa, lakini ua hakuliona. Nikamwambia kule Changchun, kaskazini mashariki mwa China, ambako klivia ni ua rasmi la mji, watu huithamini sana kwa mpangilio na upana wa majani. Hakuridhika, anataka ua. Tukakubaliana chungu chake kipande basi kila Juni kije kukaa kwangu. Kinateremka tena shina likishasimama, kimefungwa kwenye boksi, na kondakta wetu sasa anakijua. Dada hupiga picha kila ua linalofunguka na kunitumia.

Jina mmea huu ulipewa mwaka 1828 na John Lindley, mtaalamu wa mimea wa Uingereza, kwa heshima ya Charlotte Florentia Clive, mke wa mwinyi (Duke) wa Northumberland. Klivia aliyoiona Lindley ni ile ya maua yanayoning'inia, siyo hii yetu inayotazama juu. Waganga wa Kizulu walikuwa wakiitumia kwa dawa zao, na mimi nadhani historia yake ingefaa kuanzia kwao.

Ila wewe usiijaribu mdomoni. Ina sumu iitwayo likorini, inayotapisha, kwa hiyo weka mbali na watoto wadogo na mbuzi. Jihadhari pia na kiwavi mweusi mwenye mikanda ya njano. Anaanzia ndani ya jani na kuteremka mpaka kwenye kitako cha mmea. Akifika huko umeupoteza. Mimi nafunua majani jioni na kumtoa kwa mkono. Vidung'ata, wale weupe wanaojificha makutano ya majani, nawafuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

Matunda yanakaa kwenye mmea karibu mwaka mzima kabla ya kuiva. Usiyachume yakiwa ya kijani kwa haraka. Yakishakuwa mekundu, menya, osha ute wote, na upande mbegu ingali mbichi, kwa sababu ikikauka inakufa. Iguse udongo tu, usiifukie. Mzizi hutoka baada ya wiki nne hadi sita, kisha jiandae kungoja miaka mitatu hadi mitano kuona ua. Klivia ya maua ya njano, iliyopatikana porini karibu na Eshowe, huko KwaZulu-Natal, mwishoni mwa karne ya 19, matunda yake huiva yakiwa ya njano pia. Nina miche yake kivulini, ina majani manne, na sijui bado kama yote itafuata rangi ya mama, maana mizinga ya jirani iko karibu na nyuki hawachagui.