Hujavua viatu

Nimepaki tangu saa tatu usiku na saa hizi nilitakiwa niwe nishalala, alfajiri natoka, lakini kila nikifumba macho namsikia mdogo. Yule wangu wa mwisho, mnamjua, asiyenyamaza.

Jumanne ruti ilinipitisha karibu na nyumbani. Nikapaki gari, nikamwachia utingo aangalie mzigo, nikaenda kwa miguu kuwaona. Nilikuwa na masaa mawili tu, niliyahesabu njia nzima. Nikaingia nikakaa kiti cha karibu na mlango, mama yao akaleta maji, mkubwa akanionyesha matokeo yake, kafaulu vizuri namshukuru Mungu, halafu mdogo akaja akasimama mbele yangu. Hakunirukia kama zamani. Aliangalia chini, akaiangalia miguu yangu weee, ndo akasema, "Baba, hujavua viatu."

Nikamwambia, "Navua sasa hivi, mama."

Akasema, "Kwa hiyo unapita tu."

Wala halikuwa swali. Hakulia, hakununa, alisema vile mtu anavyosema mvua inakuja, akaenda zake kucheza. Ana miaka 6. Sijui kaniona mara ngapi nimekaa na viatu mpaka akajua mwenyewe kwamba baba mwenye viatu ni wa kuondoka na baba wa pekupeku ndo wa kulala. Hakuna aliyemfundisha, nimemuuliza mama yao.

Na sikuvua. Simu ikalia, bosi anataka kujua nimefika wapi, nikaongea wee nikiwa nimesimama pale mlangoni, kukata simu naangalia saa, muda umeisha.

Tangu siku hiyo nimeshamjibu upya sijui mara ngapi, nikiwa kwenye usukani, nikiwa kwenye foleni, nikioga. Ningesema "ndio mama, napita, narudi Jumapili," ingekuwa kweli na angeelewa, huyu mtoto anaelewa. Au ningeinama nikavua bila kusema neno, nikavivaa tena baada ya saa moja, ingenigharimu nini? Katika majibu yote niliyokuwa nayo mimi nikachagua lile moja la uongo, na nadhani alilijua ni la uongo kabla sijamaliza kulisema.

Ila kilichonimaliza kabisa ni nilivyorudi kwenye gari. Nikakanyaga ngazi, nikashika mpini, na kabla sijaingia nikavua viatu, nikavigonga vumbi kimoja kimoja, nikavipanga chini ya kiti. Kila dereva wa masafa anajua, kebini ndo chumba, kitanda kiko hapohapo nyuma ya mgongo wako, huwezi kuingia na vumbi la njiani mahali utakapolaza kichwa. Hata fundi akipanda namwambia avue. Nikabaki pale mguu mmoja ndani mmoja kwenye ngazi, utingo ananiangalia haelewi. Kwenye gari navua. Nyumbani kwangu sivui.

Jumatano nikashuka mlima vibaya kwa sababu ya hayo mawazo. Tani 28 mgongoni, mteremko kama ule unaushuka na gia nzito, egzosti breki, ile ya injini, inalizuia gari, mguu unagusa breki unaachia, unagusa unaachia. Mimi nimeukandamiza tu mguu kwenye pedali, kichwa hakipo, mpaka utingo akasema, "Mzee, kuna harufu." Liningi za breki zinaungua. Zikishika moto hivyo unakanyaga na gari halikusikii, na pale nyuma yako kuna tani zote hizo zinakusukuma. Bahati mteremko ulikuwa unaisha, tukapata pa kusimama, tukakaa karibu saa nzima ngoma za breki zipoe zenyewe, maana ukizimwagia maji zikiwa za moto zinapasuka. Kijana hakunilaumu hata kidogo. Nilitamani angenilaumu.

Alhamisi tairi la nyuma lilipasuka na foleni ya mizani ikala siku, hayo yamepita.

Lakini leo jamani! Leo utingo kaingiza gari kwenye shedi kwa rivasi, peke yake, mara ya kwanza. Nilishawaambia alivyokuwa anahangaika na hili jambo. Tela ukilirudisha linaenda kinyume na usukani, ukitaka mkia uende kulia unakata kushoto, halafu unatakiwa ulifuate haraka kabla halijajikunja, na kichwa cha binadamu hakikubali hicho kitu mpaka siku kinapokubali. Nikampa usukani, nikashuka, nikamwambia, "Usiponiona kwenye kioo, simama." Akalirudisha taratibuuu, akalikunja, akatoka mbele akanyoosha, akarudi tena, madereva wengine wanasubiri na hakuna aliyepiga honi. Nilikuwa nahesabu kwa mkono, mita moja, nusu, kiganja, likagusa zile raba za ukutani kama mtu anayeegemea. Hata mlango hajafunga kashampigia simu mama yake. Anaongea huku mikono inamtetemeka. Nilifurahi mpaka nikaenda kusimama nyuma ya tela nisionekane.

Sasa hapa kuna kingine. Jana nilizima gari geji zote mbili za upepo wa breki zinasoma 8, asubuhi nakuta moja imeshuka mpaka 4. Nimepaka povu la sabuni kwenye maungio ya mipira yote kati ya kichwa na tela, hakuna panapotoa mapovu. Utingo kaingia chini na tochi, hajasikia kitu. Najua upepo ukiisha springi za breki zinakamata matairi, gari haliwezi kuondoka lenyewe, hilo halinitishi. Ila huo upepo unaenda wapi? Nimezima redio nasikiliza. Kuna kitu kinalia ssss huko nyuma, sijui ni langu au ni la huyu aliyepaki ubavuni.