Sikio la Bahati na maelezo niliyoyaitikia bila kuyaelewa

Nilimchukua Bahati akiwa na miezi minne, masikio yake marefu yakiingia bakulini kila alipoinama kunywa maji. Nina mwaka wa tisa huku ughaibuni, na mitano ya mwisho ni huyu mbwa anayenipokea mlangoni nikitoka zamu ya usiku. Yaliyonifanya niandike ni simu ya wiki iliyopita, kutoka kwa dada mmoja ninayeishi naye jengo moja.

“Kaka, samahani kwa usumbufu. Huyu wangu anatikisa kichwa tangu juzi, na sikio moja linanuka. Nimeshika kijiti cha pamba hapa. Nikiingize mpaka wapi?”

“Usikiingize kabisa, dada. Kiweke chini, nashuka sasa hivi.”

Kijiti hicho nakijua. Bahati alipopelekwa kwa daktari wa wanyama mara ya kwanza, nilielezwa namna ya kumsafisha masikio. Daktari alizungumza haraka, na lugha ya huku ilikuwa bado haijanikaa sawasawa. Nilidaka maneno mawili matatu, “safisha” likiwa mojawapo, mengine yote nikayaitikia kwa kichwa. Niliona haya kumwomba arudie. Nikarudi nyumbani, nikachukua vijiti vya pamba na kuanza kazi kwa moyo wote. Kila kijiti kilitoka na nta ya kahawia, nami nikaamini ninamtunza.

Baada ya mwezi hivi akaanza kutikisa kichwa usiku. Masikio yanayoning'inia yakitikiswa yanapiga kama mtu anayekung'uta nguo iliyolowa: pap, pap, pap. Nikampeleka. Daktari akachungulia kwa kifaa chenye taa, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba nta imeshindiliwa chini kabisa, karibu na kiwambo cha sikio, na ngozi ya ndani imevimba. Aliyeishindilia ni mimi. Halafu akachukua karatasi akachora herufi L, na hapo nikaelewa kila kitu bila kuhitaji lugha.

Tundu la sikio la mwanadamu linakwenda karibu moja kwa moja kuelekea ndani. La mbwa linashuka kwanza, kando ya shavu, halafu linakata kona kuelekea ndani ya kichwa, na mwisho wa kona hiyo ndipo kilipo kiwambo. Kwa hiyo ukichungulia kwa macho unaona mlango tu. Kijiti kinachota nta kidogo ya juu, ile unayoiona kwenye pamba na kufurahi, na inayobaki kinaisukuma mpaka kwenye kona, isikoweza kupanda tena. Na ngozi ya ndani ya sikio lenye afya ina kazi yake: inakua kutoka kwenye kiwambo kuja nje, polepole sana, na inapokuja inabeba nta na seli zilizokufa. Sikio linajisafisha lenyewe. Sisi tunalisaidia tu pale linapozidiwa.

Maji ya kusafishia yawe yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya masikio ya mbwa. Siki, spiriti na haidrojeni peroksaidi viache kabatini. Ngozi ya ndani ni laini, na ikiwa na mchubuko hata mdogo vitu hivyo vinaiunguza. Matone ya masikio ya watu nayo yabaki ya watu. Chupa naishika kiganjani, au naiweka kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu kwa dakika chache. Kimiminika cha baridi kikiingia ndani ya sikio kinamshtua mbwa, kinaweza hata kumtia kizunguzungu, na siku nyingine akiiona tu chupa atajificha.

Bahati namkalisha sakafuni, mgongo wake umegusa kifua changu, ili asirudi nyuma. Kwanza nanusa. Ndiyo, napeleka pua sikioni. Sikio lenye afya halina harufu ya kusema, au lina ya nta kidogo tu, na rangi ya ndani ni ya waridi iliyopauka. Kisha nalishika sikio kwa upole na kulinyanyua juu, tundu linyooke kidogo. Namimina mpaka tundu lijae, ncha ya chupa isiguse ngozi wala kuzama ndani. Watu wengi hudondosha matone mawili matatu kwa woga, na matone mawili hayafiki kwenye kona.

Kinachofuata ndiyo kazi yenyewe. Chini ya sikio, pale linapoungana na shavu, ukibonyeza taratibu kwa kidole gumba na cha shahada utahisi kitu kama mrija mgumu kiasi. Hilo ndilo tundu linaloshuka. Lisugue kwa nje, kwa mviringo, sekunde 20 hadi 30. Ukisikia chwa, chwa, chwa, maji yamefika mahali pake na yanailegeza nta. Bahati hapa hufumba macho na kuuegemeza mkono wangu uzito wote wa kichwa. Usipousikia mlio huo, kimiminika hakijatosha, ongeza.

Sasa mwachie. Atatikisa kichwa kwa nguvu, na mtikiso huo ndio unaopandisha uchafu kutoka kwenye kona kuja juu. Weka taulo karibu, maana utarukiwa. Akimaliza, zungushia kidole pamba au kitambaa cha shashi, pangusa mikunjo na mlango wa tundu, mwisho pale kidole chako kinapokwama chenyewe. Kilichobaki chini zaidi ya hapo si chako. Sikio la pili, pamba nyingine, usije ukahamisha maradhi kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Kisha mpe kitu anachokipenda, kila mara, hata kama leo alisumbua.

Mara ngapi? Inategemea mbwa. Wenye masikio yanayolala, kama Cocker Spaniel na Basset Hound, hewa haipiti vizuri na unyevu unakaa ndani. Poodle huota nywele mpaka ndani ya tundu. Hizo usizinyofoe mwenyewe kama desturi, maana kunyofoa kunaweza kuleta uvimbe ambao haukuwepo. Anayependa kuogelea anahitaji kusafishwa na kukaushwa baada ya maji. Lakini mwenye masikio yaliyosimama, makavu, yasiyonuka, anaweza kukaa muda mrefu bila kuguswa. Kusafisha kupita kiasi kunaliacha sikio na unyevu na kuichosha ngozi, na hapo ndipo unapomtengenezea mbwa ugonjwa.

Nilipofika kwa dada, mbwa wake alikuwa amejikunja pembeni, kichwa kimeinama kidogo upande wa kushoto. Sikio lilikuwa jekundu kwa ndani, limevimba, harufu kali ya kitu kilichochacha. Nilipoligusa tu alilia.

“Basi tulisafishe kidogo apate nafuu?” akaniuliza.

Nilimwambia hapana. Sikio linalouma halisafishwi nyumbani, kwa sababu hatujui kama kiwambo kingali kizima. Kikiwa kimetoboka, kimiminika kinapita mpaka sikio la kati, na kuna dawa ambazo zikifika huko zinaweza kumfanya mbwa awe kiziwi au apoteze mizani ya mwili. Tena daktari anahitaji kuukuta uchafu ulivyo, ili achukue sampuli. Ukishaosha, umefuta ushahidi.

Kichwa kinachoinama upande mmoja, kuyumba au kuzunguka, usaha, damu, maumivu: yote hayo ni ya daktari. Uchafu mweusi mkavu unaofanana na unga wa kahawa, hasa kwa mbwa mdogo, mara nyingi ni utitiri wa masikioni, yaani vidudu vidogo sana, na utitiri unaambukiza wanyama wengine wa nyumbani, paka wakiwemo. Mbwa aliyetoka kwenye majani marefu akaanza ghafla kutikisa kichwa kama aliyechomwa, huenda mbegu ya nyasi imemwingia. Hiyo husonga mbele tu, hairudi, kwa hiyo usingoje kesho. Na anayetikisa kichwa siku nyingi bila kutibiwa anaweza kupasua mishipa midogo ya sikio, damu ikajaa kati ya ngozi na gegedu, sikio likavimba kama mto.

Nikamsindikiza. Daktari alichungulia, akakikuta kiwambo kizima, akachukua uchafu kidogo kwa pamba na kuutazama kwenye hadubini. Hamira, akasema, si ile ya mikate bali aina ya kuvu inayoishi kwenye ngozi ya mbwa wengi na kuzidi pale sikio linapokuwa na joto na unyevu. Akauliza kama mbwa anajikuna tumbo na kulamba miguu. Dada akashangaa: ndiyo, tangu miezi mingi. Kumbe maradhi ya sikio yanayorudi mara kwa mara huanzia mara nyingi kwenye mzio (aleji), na dawa ya sikio peke yake itayatuliza kwa muda tu. Wakapanga kurudi kulifuatilia hilo.

Kisha daktari akaanza kueleza namna ya kutia dawa na lini aanze kusafisha, kwa kasi ileile ninayoikumbuka. Niliona kichwa cha dada kinaanza kuitikia. Nikamgusa kiwiko.

“Mwombe arudie, dada. Taratibu.”

Akaomba. Daktari hakukasirika hata kidogo. Alimpa chupa aishike mwenyewe, akamwekea vidole viwili chini ya sikio lile zima la kulia. Dada akasugua, mara ya kwanza juu mno, mara ya pili mahali pake. Sote watatu tukanyamaza tukisikiliza, mpaka tukalisikia: chwa, chwa, chwa.